Kuchagua na kuweka valvu kwenye bomba la chuma lililozikwa: maelezo ya fundi wa Newala

Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto wala chemchemi. Mvua ikinyesha, mchanga mwekundu unaimeza, na maji yanakuja kujitokeza chini kabisa, kwenye miguu ya uwanda. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 maji ya bomba ya huku yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, Mitema kikiwa chanzo kikubwa, na ndiyo maana mabomba makuu mengi ni ya chuma: presha ya kupandisha maji mamia ya mita si kazi ya plastiki ya kawaida. Kila ndoo inayofika Newala mjini au Tandahimba imelipiwa umeme njiani. Bomba likipasuka halafu valvu ikakataa kufunga, umeme wote huo unamwagika kwenye shamba la mtu.

Nawaandikia vijana wanaoajiriwa na vyombo vya maji vya vijijini, wale wanaokabidhiwa bomba la chuma lililowatangulia kuzaliwa, pamoja na ufunguo mmoja wa T na daftari tupu. Jambo ninalotaka mlishike ni hili: valvu ya kuzikwa hainunuliwi kwa ajili ya siku inayowekwa. Inanunuliwa kwa ajili ya siku atakayokuja mtu mwingine, pengine usiku na kwa mwanga wa simu, kuifunga baada ya miaka mingi ya kukaa wazi. Kila uamuzi upimeni kwa siku hiyo.

Anza na mwinuko wa njia

Kabla ya kuuliza bei dukani, tembea juu ya bomba lote na ujue kila sehemu iko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Michoro ya mradi ikiwapo, inakili. Isipokuwapo, mwombe mpima wa wilaya akupimie. Simu ya mkononi hukosea mita nyingi kwenye mwinuko, usiitegemee kwa hesabu ya presha. Unatafuta vilele, mabonde, na tofauti ya kimo kati ya tangi na sehemu ya chini kuliko zote.

Mita 10 za kimo cha maji ni karibu sawa na bari 1 ya presha. Tuseme tangi liko mita 780 na bomba linashuka hadi mita 640 kabla ya kupanda tena. Usiku, watu wamefunga koki zao zote, valvu iliyoko pale chini inabeba mita 140, yaani bari 14. Ongeza pigo la maji, lile linalotokea pampu inapozimika ghafla au mtu anapofunga kwa haraka, na valvu ya PN 16, yaani iliyotengenezwa kubeba bari 16, imeishiwa nafasi. Hapo unanunua PN 25. Alama ya PN huwa imejitokeza kwenye chuma chenyewe cha mwili wa valvu. Ukiona kibandiko cha karatasi peke yake, omba cheti cha majaribio cha kiwanda kabla ya kutoa fedha.

Hilo pigo la maji vijana wengi hawaliamini mpaka walione. Katika bomba la chuma wimbi la presha husafiri zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla, presha inaruka kwa zaidi ya mita 100 za kimo, juu ya ile iliyokuwapo tayari. Kwenye bomba la kilomita 6, wimbi linakwenda na kurudi kwa takriban sekunde 10, na kufunga kokote kunakomalizika ndani ya muda huo ni sawa na kusimamisha ghafla. Kwa sababu hiyo sipendi valvu zinazofungwa kwa robo mzunguko kwenye bomba kuu, isipokuwa zina giaboksi ya kuzichelewesha.

Valvu gani, mahali gani

Kwa kukata maji, yaani kutenga kipande cha bomba ili kitengenezwe, chagua geti valvu yenye kabari (bamba la ndani linaloshuka kuziba maji) iliyovishwa mpira, na spindo (fimbo inayozungushwa) isiyopanda inapofunguliwa. Spindo inayopanda inafaa nyumba ya pampu, ambako unaiona. Ndani ya udongo itajaa mchanga na kukwama. Kabari ya mpira nayo inakaa kwenye sakafu laini isiyo na mfereji, kwa hiyo mchanga haukusanyiki pale chini kama ilivyo kwenye geti valvu za zamani za shaba kwa shaba. Mchanga wetu ni mwingi na mwembamba, na hizo za zamani nyingi zimekufa kwa sababu ya ule mfereji.

Geti valvu ina hali mbili: wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiiacha nusu ili kupunguza maji yanayokwenda kijiji cha chini, kabari inatetemeka usiku kucha, mpira unachanika, na siku ya kuihitaji haizuii kitu. Kama kijiji cha chini kinapata presha kubwa mno, wekeni valvu ya kupunguza presha ndani ya chemba yake, yenye chujio mbele, geti valvu pande zote mbili, njia ya pembeni, na geji mbili. Ni ghali. Lakini mabomba ya majumbani yanayopasuka kila mwezi ni ghali zaidi, ila gharama yake imetawanyika kwenye mifuko ya wengi na haionekani kwenye kitabu cha kamati.

Valvu ya kipepeo ni nyepesi na ya bei nafuu kuanzia milimita 300 kwenda juu. Chini ya hapo, kwa bomba letu la vijijini, siioni faida yake. Boli valvu ni ya matawi madogo, hadi inchi 2. Nonritani, valvu inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, iwekwe kwenye mdomo wa kila pampu, na uchague ile inayojifunga upesi, kabla maji hayajaanza kurudi nyuma kwa kasi. Ukisikia kishindo kila pampu inapozimwa, nonritani hiyo inachelewa.

Geti valvu ziwe ngapi? Wengine wanahesabu kwa kilomita. Mimi nahesabu kwa maji. Bomba la milimita 150 lenye urefu wa kilomita 1 lina lita 17,700 hivi, karibu ndoo 880 za lita 20. Kiulize kijiji: mko tayari kumwaga ndoo ngapi kila tunapoziba tobo? Jibu litakupa umbali. Penye tii, yaani kiungo cha njia tatu, weka walau valvu mbili kati ya pande tatu. Mkiweza tatu, wekeni tatu, kwa sababu ndipo mtakapoweza kufunga upande wowote bila kuwanyima wengine.

Valvu za hewa ndizo zinazosahauliwa sana, na juu ya uwanda huu ni msiba. Njia zetu hupanda na kushuka kila mahali, na kila kilele hukusanya hewa. Kifuko cha hewa kileleni hupunguza nafasi ya maji kupita, na kamati inaanza kuilaumu pampu. Weka valvu ya hewa kwenye kila kilele, mahali mteremko unapobadilika ghafla kuwa mkali, na kwenye njia ndefu isiyo na kilele kila mita 500 hadi 800. Chagua ile yenye matundu mawili: kubwa la kutoa na kuingiza hewa bomba linapojazwa au kumwagwa, na dogo la kutoa hewa inayojikusanya wakati wa kazi. Kwa bomba la hadi milimita 200, ya milimita 50 hutosha. Chini yake weka valvu ndogo ya kuitenga, ili uitengeneze bila kukata maji ya wilaya nzima.

Washauti, yaani valvu za kumwaga maji na uchafu, huwekwa kwenye sehemu za chini za bomba, zikiwa na ukubwa wa theluthi hadi nusu ya kipenyo cha bomba kuu. Ugumu wake mkubwa uko kwenye njia ya maji yanayotoka. Mama mmoja mwenye mikorosho kwenye mteremko wa kuelekea Kitangari alinisimamisha nikiwa nachimba. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, maji haya mtayamwagia wapi?" Lilikuwa swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa kwenye kikao cha mradi. Udongo wa huku ni mchanga. Ukifungua washauti ya milimita 80 bila kuipangia njia, misimu michache tu inatosha kuchimba korongo shambani kwa mtu. Jenga kichwa cha zege, panga mawe mbele yake, na upeleke maji hadi mkondo wa asili. Mdomo wa bomba ukae juu ya kimo cha maji ya mvua, usizame kamwe, maana bomba likiwa tupu linaweza kuvuta maji machafu ndani.

Flenji: pima kabla ya kulipa

Hapa ndipo fedha nyingi za vijiji zinapotea. Valvu inanunuliwa Dar es Salaam, inasafiri mpaka Newala, inashushwa mtaroni, na matundu ya bolti hayakutani na ya flenji iliyopo, ile sahani yenye matundu mwishoni mwa bomba.

Sababu ni kwamba mabomba ya zamani yaliwekwa kwa vipimo vya Kiingereza, Table D au Table E, na valvu za leo zinakuja na flenji za PN. Kwa bomba la inchi 4, Table D ina matundu 4 na duara la matundu lenye kipenyo cha milimita 178. Table E ina matundu 8 kwenye duara hilohilo la 178. PN 16 ina matundu 8 kwenye duara la milimita 180. Tofauti ya milimita 2 inaonekana ndogo mpaka ujaribu kupitisha bolti ya nane. Kwa milimita 150, PN 10 na PN 16 zote zina matundu 8 kwenye duara la 240 na bolti za M20, wakati Table D ni 235. Kwa milimita 200 jihadhari zaidi, kwa sababu hata PN zenyewe zinatofautiana: PN 10 ina matundu 8 na PN 16 ina matundu 12.

Kwa hiyo chimba kwanza, pima, ndipo ununue. Safisha flenji iliyopo, hesabu matundu, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili, na uandike unene wa flenji ili upate urefu wa bolti. Ikiwa hakuna flenji na unakata bomba, pima mzingo wake kwa utepe, juu ya chuma kilichokwanguliwa, kisha gawanya kwa 3.14. Mzingo wa milimita 529 ni bomba la chuma la inchi 6 lenye kipenyo cha nje cha 168.3. Mzingo wa 519 ni lile la 165. Bomba la chuma cha kusubu la ukubwa huohuo lina 170, na plastiki ina 160. Adapta ya flenji unayoagiza, yaani kiungo cha kulipa flenji bomba lisilo nayo, lazima ilingane na kipenyo hicho cha nje. Ukimwambia muuzaji "inchi 6" tu, atakupa anayoijua yeye.

Adapta ya flenji nayo ina hatari yake. Inashika bomba kwa mpira, na mpira hauzuii bomba kuchomoka. Valvu ya milimita 150 iliyofungwa, upande mmoja kuna bari 16 na upande wa pili hakuna kitu, inasukumwa kwa nguvu ya tani 3 na nusu hivi. Ya milimita 200, tani 6. Bomba la chuma lililochomelewa mfululizo linabeba nguvu hiyo lenyewe, lakini ukishalikata na kuweka adapta umeuvunja huo mnyororo. Tumia adapta zenye fimbo za kufungia zinazounganisha flenji na flenji, au mwaga zege la egemeo lililoshikana na udongo ambao haujawahi kuchimbwa. Zege juu ya udongo uliofukiwa halishiki kitu.

Kutu huanzia kwenye bolti

Nimefukua valvu nyingi nzima kabisa ndani, zimeshikiliwa na bolti zilizobaki wembamba wa penseli. Mwili wa valvu ya leo hupakwa epoksi nje na ndani kiwandani. Bomba lina ganda lake la kinga. Kati yao ziko bolti 16, na hizo nazo ni za fundi kuzilinda.

Udongo wetu si mpole. Pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini, una chumvi. Kwenye mabonde yenye udongo mweusi wa mbuga, unyevu hukaa muda mrefu, kisha udongo unapasuka kiangazi na kulivuta ganda la kinga. Juu ya uwanda mchanga ungekuwa salama, ila mikorosho inapuliziwa salfa mwaka baada ya mwaka, na salfa huuongezea udongo tindikali. Ukiweza kupata kipimo cha ukinzani wa udongo kwa umeme, kitumie. Chini ya ohm-sentimita 2,000, hesabu kwamba chuma kitaliwa.

Nunua bolti zilizochovywa zinki ya moto, au za chuma kisichoshika kutu, na washa pande zote mbili. Urefu wake uache hesi (mizunguko ya uzi wa bolti) 2 au 3 nje ya nati. Baada ya kukaza na kujaribu presha, kwangua uchafu kwa brashi ya waya, paka grisi yake ya msingi mpaka ndani ya kila pembe, jaza mashimo kati ya bolti kwa mastiki ili uso uwe wa mviringo usio na mapango, kisha zungusha mkanda wa grisi ukipandana nusu kwa nusu, na ufunike kwa mkanda wa plastiki. Endelea hadi sentimita 15 au zaidi juu ya ganda zima la bomba, kila upande. Usiukaze mkanda kwa nguvu. Unatakiwa kulala, si kuvutika. Hii ni kazi ya saa moja au mbili ambayo mkandarasi mwenye haraka huiruka, na hakuna atakayejua mpaka flenji iachie.

Palipochomelewa, ganda la bomba limeungua. Likwangue hadi chuma king'ae na ulirudishie kwa aina inayopatana na ile ya zamani. Bomba lenye lami halishikani vizuri na kila mkanda, soma maelekezo ya mtengenezaji.

Kama bomba lenu lina ulinzi wa kathodi, yaani umeme mdogo unaopitishwa kwenye chuma ili kisiliwe na kutu, gasketi na adapta za mpira zinakata njia ya umeme wake. Chomelea waya wa shaba wenye ganda kutoka bomba la upande huu hadi la upande wa pili, uruke valvu, na ufunike maungio yake kwa mastiki. Kinyume chake, mahali bomba la chuma linapoingia nyumba ya pampu yenye waya wa erthi, au linapokutana na viungo vya shaba, tumia flenji iliyotengwa: gasketi isiyopitisha umeme, vijibomba vya plastiki vya kuvisha bolti ndani ya matundu, na washa za plastiki chini ya nati.

Na wale mlio Mtwara vijijini, karibu na njia ya bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam tangu 2015, hapo msichimbe wala kuweka kitu kabla ya kuzungumza na TPDC, shirika la maendeleo ya petroli. Usalama ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba umeme wa kulinda mabomba ya namna hiyo ukipata bomba la maji la chuma jirani, unaweza kuingia ndani yake na kutokea mahali pengine, na pale unapotokea ndipo chuma kinapoliwa.

Siku ya kuweka

Valvu ikifika, ikague hapohapo kabla dereva hajaondoka. Ifungue na kuifunga yote, hesabu mizunguko, andika. Geti valvu ya milimita 150 kwa kawaida huchukua mizunguko kati ya 20 na 30. Angalia upande wa kufunga: nyingi hufunga kufuata mwendo wa saa, lakini zipo zinazofunga kinyume, na kuzichanganya kwenye mradi mmoja ni kumtegea mwenzako. Ihifadhi kivulini, vifuniko vya midomo vikiwa mahali pake, na kabari imeachwa wazi kidogo ili mpira usibanwe kwa miezi.

Chimba mtaro mpana wa kutosha mtu kuinama na spana pande zote, na chini ya flenji kuwe na nafasi ya sentimita 30. Mchanga wa uwanda huporomoka bila kuonya. Ukizidi mita 1.2 kwenda chini, laza kuta za mtaro ziwe na mteremko au zizuie kwa mbao. Hakuna maji yenye thamani ya mtu. Pwani kwenye mwamba wa matumbawe shida ni nyingine: ondoa meno yote ya mwamba na ulaze sentimita 15 za mchanga safi kabla ya kitu chochote kugusa chini.

Valvu ikae juu ya kiti chake cha zege, si kwenye flenji za bomba. Ya milimita 200 ina zaidi ya kilo 50, na uzito huo ukining'inia kwenye flenji utazipinda kila siku. Inyanyue kwa mkanda uliozunguka mwili wake. Usiifunge kamba kwenye spindo.

Flenji mpya ichomelewe kwenye bomba valvu ikiwa pembeni. Nimeona mafundi wazuri wakichomelea flenji ikiwa imeshabanwa na valvu ili wapate mnyooko, na joto likaua mpira wa kabari wasijue. Tumia flenji nyingine au kipande cha kuigiza kupata mnyooko, shikiza kwa pointi nne, toa, halafu maliza kuchomelea ndani na nje. Waya wa erthi wa mashine ubanwe kwenye bomba lilelile unalochomelea, karibu na kazi, ili umeme usipite kwenye spindo. Matundu yapangwe yakae mawili mawili pande zote za mstari wa wima, lisiwepo tundu juu kabisa, la sivyo spindo itasimama imeinama. Kama bomba lina bitana ya saruji ndani, irekebishe kwa saruji safi kabla ya kufunga.

Gasketi, yaani pete ya kuziba kati ya flenji, iwe mpya ya mpira wa EPDM, ya milimita 3, moja tu kila upande. Mbili hazizibi zaidi ya moja. Flenji zikutane zenyewe kabla ya kukaza. Bolti si za kuvutia bomba lililokaa upande, kwa sababu nguvu hiyo itabaki kwenye mwili wa valvu milele na siku moja itaupasua. Kaza kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, kwa raundi tatu, kila raundi ukiongeza nguvu. Rudi kesho yake ukague tena, maana gasketi hutulia usiku.

Chemba au kuifukia moja kwa moja

Geti valvu yenye epoksi inaweza kufukiwa, ikiwa na fimbo ya kurefushia ndani ya bomba la kinga na kiboksi cha juu. Kiboksi kikae juu ya kizingiti chake cha zege kisichogusa valvu, ili gari la korosho likipita juu yake uzito usishuke kwenye spindo. Mimi napendelea njia hii kwa matawi ya vijijini. Chemba nyingi ninazozifungua zimejaa udongo na nyoka, na valvu ndani yake imeliwa na kutu kuliko ambayo ingefukiwa.

Chemba ibaki kwa vitu vinavyohitaji mkono: valvu za hewa, za kupunguza presha, na adapta zenye fimbo. Bomba linapopita ukutani liache nafasi, izibwe kwa kitu laini, kwa sababu ukuta ukitulia utalibana. Sakafu iwe na mteremko na tundu la kutolea maji kwenye shimo la mawe. Chemba ya valvu ya hewa isijae maji hata siku moja. Pampu ikizimika na bomba likavuta hewa, valvu iliyozama inavuta maji machafu na kuyapeleka mezani kwa watu. Kati ya Desemba na Aprili zikagueni kila baada ya mvua kubwa. Mfuniko uwe wa zege lenye nondo, maana ya chuma huibwa na kuuzwa kama chakavu.

Kujaribu, kusafisha, kuandika

Jaribio la bomba hufanywa kwa mara moja na nusu ya presha ya kazi. Usilifanye dhidi ya valvu iliyofungwa. Mwili wa valvu hujaribiwa kiwandani kwa mara 1.5 ya PN yake, lakini kabari kwa 1.1 tu. Weka flenji kipofu, yaani isiyo na tundu la kati, mwishoni, iegemeze vizuri, jaribu, kisha iondoe. Jaza polepole kutoka chini, hewa itoke juu. Funika bolti baada ya jaribio, si kabla.

Kwa kipande kifupi kilichokatwa, pangusa ndani ya bomba, valvu na viungo kwa mchanganyiko wa klorini wa asilimia 1, yaani gramu 15 za klorini ya unga ya asilimia 65 kwa lita ya maji, kisha suuza kupitia washauti mpaka maji yawe maangavu. Kwa bomba jipya, tia miligramu 50 kwa lita, ambayo ni gramu 77 za unga huo kwa kila lita 1,000, uyaache saa 24 na uyamwage mbali na visima na mabwawa ya samaki.

Fukia kwa tabaka za sentimita 15, shindilia kwa mkono kuizunguka valvu, usitumie mawe. Ukimaliza, andika namba ya valvu, ukubwa, PN, aina ya flenji, upande wa kufunga, idadi ya mizunguko, tarehe, na umbali wake kutoka vitu vitatu visivyohama: pembe ya shule, pembe ya msikiti, nguzo ya zege. Mkorosho hukatwa, usiutumie. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine kwa fundi, nyingine RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani.

Kila mwaka zungusheni valvu zote. Mwezi wa Mei unafaa, mvua zimekwisha, njia za mchangani zinapitika, na watu hawajaingia kwenye salfa na baadaye mavuno. Waambieni wanakijiji siku moja kabla. Funga taratibu, na robo ya mwisho iwe taratibu zaidi, kwa sababu huko ndiko maji hasa yanakokatwa. Ukifungua, fika mwisho kisha rudisha nusu mzunguko. Kama valvu imegoma ikiwa imebakiza mizunguko miwili kutimiza hesabu ya daftari, kuna mchanga chini ya kabari: ifungue kidogo, acha maji yapite kwa kasi yaukombe, funga tena, rudia hivyo mara kadhaa, na usirefushe mkono wa ufunguo kwa kipande cha bomba.